Kipande Chenye Pembe Sita

Leo nimekuletea habari ya mchezo wa kompyuta, na kama wewe ni wa rika langu najua mkono umeshaanza kuielekea redio utafute stesheni nyingine. Ngoja kidogo. Nusu ya mchezo wenyewe ni kilimo, na nimeukuta nyumbani Musanda, kwa mama yangu, huko Mumias Magharibi, miwa upande huu wa njia na miwa upande ule.

Ilikuwa Desemba. Mpwa wangu, kijana wa chuo, alikuwa amekaa barazani na laptopu kuukuu ambayo feni yake huvuma kama mashine ya kusaga mahindi ikisikika kwa mbali. Mama alikuwa kwenye mkeka anachambua maharagwe. Nikachungulia begani mwa kijana nikaona nchi nzima: mto, vilima, msitu, na katikati kijiji chenye jina ninalolijua. Musanda. Mchezo humpa kila anayecheza miji yenye majina ya dola aliyoichagua, lakini unaruhusu kuyabadilisha, na yule kijana alikuwa amefuta jina la Kirumi akaandika la kwao. Kwa hiyo Musanda ilikuwa mji mkuu wa dola, karne nyingi kabla ya Kristo, na Nairobi haijulikani iko wapi. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Kando ya mji ule palikuwa na mto, na kando ya mto alama ndogo ya kijani. Kibarua mmoja alikuwa amesimama juu yake, anainua jembe na kulishusha, anainua na kulishusha.

"Hapo anafanya nini?" Mama akauliza.

"Anapanda miwa, kukhu."

"Atamaliza lini?"

"Zimebaki zamu tano."

Ikabidi aelezwe zamu ni nini. Katika mchezo huu watu hawaendi mbio wote kwa pamoja. Unafanya yako yote, unapanga, unatuma watu, halafu unabonyeza kitufe, wengine nao wanafanya yao, saa ya dunia inasogea. Mwanzoni kabisa, mwaka 4000 kabla ya Kristo, kila zamu ni miaka 40. Mama akapiga hesabu pale pale na punje za maharagwe mkononi. Zamu tano mara arobaini. Miaka mia mbili, kupanda shamba moja la miwa.

"Huyo analipwa kwa siku," akasema, akarudi kwenye maharagwe yake.

Nimecheka hadi leo. Mtu aliyewahi kuajiri watu wa palizi anajua tofauti ya kulipa kwa siku na kulipa kwa mistari. Na anajua pia kwamba miwa ya kupanda huku kwetu inakaa shambani miezi 18 hivi kabla ya kukatwa, kisha inachipuka yenyewe, inakatwa tena, inachipuka tena. Hiyo ndiyo zamu ya Musanda. Unabonyeza kitufe leo, unaona jibu mwaka kesho kutwa.

Basi, kwa ambao hawajauona. Mchezo unaitwa Civilization. Ulitoka Marekani mwaka 1991, mikononi mwa Sid Meier na mwenzake Bruce Shelley, na tangu hapo umetolewa mara saba, toleo juu ya toleo. Anaocheza mpwa wangu ni wa tano, wa mwaka 2010, kwa sababu laptopu yake haiwezi kubeba mpya zaidi. Kabla sijaendelea, jambo moja la kando: toleo la nne, la mwaka 2005, lilifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", ile Sala ya Bwana tunayoijua wote, iliyotiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza kuipata kati ya nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Kwa hiyo vijana wa Korea na Ufaransa walikuwa wanaombewa riziki ya kila siku kwa lugha yetu kabla hawajaanza kulima. Sisi wenyewe wengi wetu hatukujua.

Turudi shambani. Katika toleo hilo la tano ardhi yote imekatwa vipande vyenye pembe sita, vimegusana kama matundu ya sega la asali. Mji unakaa kwenye kipande kimoja. Kuuzunguka, hatua tatu kila upande, kuna vipande 36 ambavyo mji ule unaweza kuvitumia. Kila kipande kina tabia yake. Tambarare kando ya mto inatoa chakula, kilima kinatoa nguvu ya kujengea, msitu unatoa kidogo cha hiki na kidogo cha kile. Wewe unatuma vibarua wakiboreshe: hapa shamba la nafaka, pale machimbo, kule barabara. Kwa upande wa miwa kuna sharti ambalo nimelipenda. Huwezi kupanda shamba la miwa mpaka kwanza watu wako wawe wamejifunza kalenda. Aliyeandika sharti hilo, naona, aliwahi kuwa jirani wa mkulima.

Lakini kanuni iliyonifanya nivute kiti ni nyingine. Kipande kilichoboreshwa hakileti chochote mjini mpaka pawe na raia anayekifanyia kazi. Mji wako ukiwa na watu wanne, ni vipande vinne tu vinavyotoa mavuno. Vile 32 vingine, hata ukivilima na kuvichorea mifereji, vimelala. Mpwa wangu anasema anayeanza huwa anaanguka hapo hapo. Anajaza vibarua kila pembe, ramani inapendeza kama kitambaa cha meza, na mji haukui. Anaangalia mashamba, haangalii watu.

Sukari ina upekee wake. Ukishaiboresha tu, nchi nzima inachangamka. Kuna kipimo cha furaha ya raia juu pembeni ya skrini, na sukari inakipandisha, hata kama kwenye lile shamba lenyewe hakuna mtu hata mmoja anayefanya kazi. Chakula na pesa za kipande kile hazipatikani, lakini furaha ya taifa ipo pale pale. Nilimwambia mpwa wangu aliyetunga kanuni hiyo ni lazima aliwahi kunywa chai Nairobi.

Sasa fikiria Mumias yenyewe kama mji wa katikati, na sisi wa Musanda kama mojawapo ya vile vipande 36.

Mji huu uliwahi kuwa katikati ya mambo kabla ya miwa. Mwaka 1883 Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alipita hapa na kupaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, mfalme wa Wawanga na baba yake Nabongo Mumia. Hakuwa wa kwanza. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilikuwa imeshafika kutafuta pembe za ndovu, na alama yake ipo mpaka leo: Mumias ina Waislamu wa vizazi na vizazi, na kuna wazee wa Kiwanga wanaoongea Kiswahili cha kukufanya uone haya. Katika toleo la sita la mchezo, la mwaka 2016, barabara za mwanzo hazijengwi na vibarua. Zinajengwa na wachuuzi. Msafara ukipita kutoka mji hadi mji, njia inabaki nyuma yake. Hivyo ndivyo Mumias ilivyoingia kwenye ramani. Hakuna mhandisi aliyetumwa. Watu walipita na mizigo, wakapita tena, majani yakakoma kuota.

Kisha mwaka 1901 reli ikafika Kisumu, na njia ya misafara ikaanza kuota majani upya. Mwaka 1920 ofisi za serikali nazo zikahamishwa kwenda Kakamega. Katika mchezo ungesema mji umepoteza njia yake ya biashara. Katika maisha watu walibaki, wakalima mahindi, mtama, viazi, wakangoja zamu nyingine.

Zamu hiyo ilikuja baada ya Uhuru. Mwaka 1967 serikali iliwaita watu wa Booker, kampuni ya Uingereza iliyojua miwa, waje wapime kama ardhi ya Mumias inafaa. Walipima, wakapanda ya majaribio, wakasema inafaa. Kampuni ya Sukari ya Mumias ikaandikishwa mwaka 1971 na kiwanda kikaanza kusaga mwaka 1973. Mpango ulikuwa wa aina ambayo mpwa wangu angeuelewa kwa kutazama mara moja. Katikati kiwanda. Kukizunguka, shamba kuu la kiwanda chenyewe. Kulizunguka hilo, maelfu ya wakulima wadogo kwa mkataba, ekari moja hapa, mbili pale, wanapewa mbegu na mbolea na kulimiwa, na gharama inakatwa miwa ikishapimwa kwenye mzani.

Na mzingo wa duara hilo haukuchorwa na mpima ardhi. Ulichorwa na muwa. Muwa ukishakatwa unaanza kupoteza sukari yake saa ile ile. Wataalamu wanataka usagwe ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo mpaka wa nchi ya Mumias ulikuwa pale ambapo trekta lenye trela linaweza kufika, likapakia, likarudi kiwandani kabla muwa haujaharibika. Mvua ikinyesha Musanda na udongo mwekundu ukageuka sabuni, duara linanywea. Barabara ikikwanguliwa, duara linapanuka. Mchezo unasema hatua tatu, kwa jua na kwa mvua. Kwetu hatua hizo zilikuwa zinapanuka na kusinyaa kwa msimu.

Kwa miaka mingi duara lilifanya kazi. Hisa za kampuni zikaanza kuuzwa Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001, na baadaye wakawa wanazalisha umeme kwa makapi ya miwa na spiriti kwa molasi. Ukitazama ramani ya wakati huo ungesema huyu anayecheza anajua kazi yake. Kila kipande kimeboreshwa.

Hapo ndipo kanuni ya raia inaporudi. Kiwanda kilipolemewa na madeni, wakulima wakidai malipo ya miwa iliyokwisha kupelekwa, mashamba hayakubadilika. Ukipita barabarani ulikuwa unaona kijani kile kile. Lakini kilikuwa kijani kilicholala. Septemba 2019 kampuni ikawekwa chini ya meneja mrasimu, na Desemba 2021 ikakodishwa kwa Sarrai, kampuni kutoka Uganda, kwa miaka 20, na kesi zikafuatana mahakamani. Katikati ya hayo yote muwa ulikuwa umesimama shambani ukipita umri wake, ukianguka, ukitoa maua meupe ambayo mgeni huyasifu na mwenyeji huyatazama kwa uchungu. Muwa ukitoa maua umeacha kukua.

Wengine walikata wakauzia vinu vya sukari guru. Wengine walipeleka mbali zaidi, kwenye viwanda vingine vya Kakamega, na ugomvi wa nani ana haki ya kusaga miwa ya wapi ukawa habari ya kila mwaka. Mchezo nao una ugomvi huo: kipande kilicho kati ya miji miwili kinatumiwa na mmoja tu kwa wakati mmoja. Tofauti ni kwamba kule kipande hakiwezi kuamua chenyewe. Huku kipande kina mtu mwenye simu, anapiga kuuliza nani analipa kwa haraka. Mwaka 2023 mambo yalifika mahali serikali ikasimamisha usagaji kwa miezi kadhaa, kwa sababu miwa iliyokomaa ilikuwa imekwisha na viwanda vinagombania miwa michanga. Kwa lugha ya mpwa wangu, watu walikuwa wanavuna kabla zamu haijatimia.

Nimesema huku kipande kina mtu. Hapo ndipo mimi na mchezo huu tunapoachana, ingawa nakiri kuwa naupenda na kwamba usiku ule kijana alilala akaniacha macho kwenye skrini hadi saa nane.

Kwenye vile vipande 36 hakuna anayeishi. Utazame vizuri. Raia wote wamo ndani ya mji. Asubuhi, kwa namna isiyoonekana, wanakwenda shambani, jioni wanarudi na chakula chote. Shambani hakuna jiko wala mgomba nyuma ya nyumba. Ukichoka na mahindi unamwita kibarua, anang'oa, anapanda kingine, na hakuna anayekuja barazani kukuuliza. Mimi babu yangu amezikwa ndani ya shamba, na kwa miaka mingi kaburi lake lilikuwa limezungukwa na miwa kiasi kwamba ukitaka kulitembelea unapinda mgongo kama mtu anayepita chini ya seng'enge. Wanaokata miwa wanalijua, wanalipita polepole. Mpangaji aliyechora duara kutoka ofisini hakuwa na alama ya kaburi kwenye ramani yake, kama vile Sid Meier asivyokuwa nayo.

Halafu kuna suala la ndugu. Kile kipande chenye pembe sita kinabaki na pembe sita kuanzia enzi ya jiwe hadi enzi ya roketi. Hakigawanywi. Hebu kilete hapa Musanda, umpe mwenyewe wana watano, kila mmoja anataka pa kujenga, mmoja ana wake wawili, mwingine yuko Mombasa hajaonekana miaka tisa lakini sehemu yake isiguswe. Baada ya vizazi viwili mtaalamu wa miwa akija anakuta vipande vya upana wa kitanda, na trekta halina pa kugeukia. Hakuna toleo la mchezo, hata la saba, lililothubutu kuweka kanuni ya urithi.

Kuna jambo jingine la mchezo ambalo Kakamega ililiishi mapema, na hili nilimsimulia kijana kwa sababu alikuwa halijui. Katika mchezo, baadhi ya mali ya ardhini haionekani mwanzoni. Unakaa juu ya kilima karne nyingi, unalima, unafuga, halafu siku watu wako wanapogundua ufundi fulani, ghafla alama ya chuma inatokea pale pale ulipokuwa unachunga kondoo. Kipande ni kile kile, thamani imebadilika, na majirani wote wameanza kukitazama.

Mwaka 1931 Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson alikuta dhahabu karibu na mji wa Kakamega. Mwaka mmoja kabla yake, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya amana ya ardhi za Waafrika, iliyoahidi kwamba ardhi za hifadhi ni za wenyeji daima, na kwamba ikilazimu kuchukua sehemu, wenyeji wapewe ardhi nyingine ya kulipia na baraza lao liulizwe kwanza. Daima hiyo ilidumu miaka miwili. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa, ili ardhi ya dhahabu ichukuliwe bila kutoa ardhi ya badala na bila kungoja baraza. Wachimbaji wa Kizungu wakamiminika wakaweka vigingi kwenye mashamba ya watu. Uingereza kwenyewe kukawa na kelele bungeni, dhahabu ikaendelea kuchimbwa. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952 na mashimo yakabaki, na hadi leo utawakuta watu huko wakichekecha mchanga na karai wakitafuta punje.

"Kwa hiyo walibadilisha kanuni mchezo ukiendelea," mpwa wangu akasema.

Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama walioweka vigingi walikuwa wanacheza au walikuwa kompyuta. Swali hilo silijibu hewani.

Nimalizie kwa kibarua, kwa sababu ndiye aliyemvutia Mama tangu mwanzo. Nimefuatilia habari zake katika matoleo yote, na ni historia ya kusikitisha. Mwaka 1991 alikuwa mtu mzito: yule yule aliyeanzisha miji ndiye aliyelima na kujenga barabara, mhamaji mwenye jembe. Mwaka 2001 akatengwa, akawa kibarua tu, na adui akimkamata anamfanyia kazi nchi ya pili, polepole zaidi lakini bila gharama. Ndiyo, mchezo ulisema hivyo waziwazi. Mwaka 2010 bado alikuwepo, anaonekana akiinua jembe zamu baada ya zamu, kama huyu wa Musanda. Mwaka 2016 wakampa kazi tatu tu: anaboresha kipande papo hapo, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, halafu anatoweka kwenye ramani. Hastaafu, hafi, hazikwi. Na Februari 2025, toleo la saba, kibarua ameondolewa kabisa. Mji ukikua unachagua kipande, na shamba linajitokeza lenyewe.

Wachezaji walishangilia, nasikia. Kuwaongoza vibarua kulikuwa kunachosha. Nami naelewa, nimejaribu. Ukifika na miji kumi unatamani wote waende zao. Lakini nilipokuwa barazani pale nilikuwa nawaza juu ya wakataji wanaopita alfajiri na panga zao kwenye gunia, miguu imefungwa vitambaa dhidi ya majani ya muwa yanayokata kama wembe, nyuso nyeusi kwa masizi kama shamba lilichomwa jana yake. Hawa wanalipwa kwa tani. Na akina mama wa palizi, wanaoinama kwenye mistari wakati muwa bado unafika magotini, maana ukipita kifua hakuna anayeweza kuingia. Ukiwauliza wapangaji wa sukari kwa nini mavuno yameshuka watakuambia mbegu, udongo, mbolea, siasa. Ni nadra mtu kukutajia kwamba vijana waliokuwa wanakata sasa wanaendesha boda hadi Mumias na kurudi, kwa sababu abiria analipa akishuka.

Asubuhi yake Mama alimwamsha kijana saa kumi na mbili. Kuna kona ya shamba, karibu na choo cha zamani, ambayo miwa ilishang'olewa, na alitaka ipaliliwe mihogo kabla jua halijapanda. Akaenda, jembe begani, akiburuta miguu kama wote tulivyoburuta. Alikuwa ameiacha laptopu kwenye kiti, imeunganishwa na betri ya sola, mchezo uko wazi.

Nilikuwa ndani nanyoa ndevu. Nikasikia laptopu inalia, ile kengele ndogo. Mama akaingia na kikombe chake cha chai.

"Kile kitu kinamwita," akasema. "Kinasema nini?"

Nikatoka nikasoma. Shamba la miwa kando ya mto lilikuwa limekamilika, kijani, mistari imenyooka. Kibarua amesimama pembeni, jembe chini. Chini ya skrini paliandikwa kwamba kuna mtu anangoja amri.

"Kinasema kibarua hana kazi," nikamwambia.

Mama akaangalia ng'ambo ya njia, ambako mjukuu wake alikuwa ameegemea mpini wa jembe, anapangusa jasho kwa mkono wa shati.

"Mwambie huyo wa ndani aje amsaidie," akasema.